Mbao nne juu ya marumaru za Gervas

Jumamosi jioni, mwisho wa mwezi wa kumi. Kibondo, nyumbani.

Ukungu leo ulikaa mpaka karibu na mchana. Kulikuwa na baridi ile ya kuingia chini ya kucha, na mvua ndogo isiyoamua kama inanyesha au inapita. Nimevaa sweta la marehemu mume wangu tangu asubuhi na bado sijalivua.

Shajara yangu, sina hali nzuri. Siumwi. Ni ile hali ya kusimama katikati ya chumba ukidhani umesahau ulichofuata, halafu unagundua hukusahau kitu, moyo tu ndio unaenda mbio.

Sebuleni kwangu kuna vipande vinne vya mbao vimelazwa juu ya marumaru, kuanzia mlango wa mbele mpaka karibu na meza ya televisheni. Cha kwanza ni mkaratusi, halafu mninga, halafu mkurungu, na cha mwisho ni mtiki. Kesho baada ya misa Fundi Dismas, atakayenilazia sakafu ya mbao, anataka jibu. Jumatatu kuna lori linakwenda Kasulu kuchukua mbao, na kama sijachagua, nafasi yangu kwenye lori itabeba mbao za mtu mwingine.

Kuchagua aina moja tu ya mti. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye akili iliyotulia.

Ingekuwa ni kwa ajili ya kupendeza, ningechagua kwa macho nikaenda kulala. Lakini sakafu hii ni ya miguu ya mtu mmoja, na huyo ni mama mkwe wangu. Nikikosea, atarudi Kitahana kwenye nyumba yake ambayo ukuta wa nyuma umeanza kuinama, na mvua ndiyo hizi zimeanza. Atakaa huko peke yake. Na mimi nitakaa hapa peke yangu.

Mnaosoma shajara hii hapa mtandaoni mara kwa mara mnajua kwamba mume wangu Gervas alifariki mvua zilizopita. Hatukujaliwa mtoto. Ndiyo maana nalala nikiwaza. Kama tungekuwa na mtoto, Mama angekuwa bibi wa mtu, angekuja kumwona mjukuu, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini. Sasa kinachonifunga kwake ni kwamba nampenda, na nadhani na yeye ananipenda. Sijui kama watu huwa wanaona hilo linatosha.

Marumaru za sebuleni aliziweka Gervas mwenyewe. Alikuwa dereva, siyo fundi. Alijifunza kwa rafiki yake, akawa anaweka safu moja moja jioni akitoka kazini, amepiga magoti, redio iko pembeni. Ni nyeupe zenye mistari ya kijivu. Moja, karibu na mlango wa bafu, aliigeuza vibaya na mistari yake inaenda upande wa pili. Wageni wakija alikuwa anakwenda kusimama juu yake na viatu vyake vikubwa, anaongea huku haondoki hapo. Mimi nilikuwa nacheka jikoni.

Siku za msiba, alfajiri moja kabla wageni hawajaamka, Mama aliteleza karibu na mlango akaangukia nyonga. Hospitali walisema haijavunjika, lakini tangu hapo anatembea na fimbo. Watu walisema ni tailizi, yaani marumaru hizi. Walisema waziwazi, matanga yakiendelea: tailizi za marehemu zimemwangusha mama yake mzazi. Maneno hayo yaliingia ndani yangu yakakaa. Mama alipopata nafuu kidogo aliomba arudishwe Kitahana, kwenye sakafu yake ya udongo, na kila nilipomwomba aje tukae wote alisema, "Nitaona, mwanangu."

Nilijaribu zulia, likakunja pembe. Nilijaribu mkeka, ukateleza wenyewe kama una magurudumu. Ni jirani yangu Mwalimu Edina aliyenipa wazo la mbao. Yeye kwao ni Makete, kuna baridi kushinda hapa, na anasema nyumba ya wazazi wake ina sakafu ya mbao ambayo mtu unaweza kukaa chini ukamenya viazi bila kuumwa kiuno.

Basi nikaenda Kasulu kutazama mbao, na kwa kuwa dada mmoja aliniuliza kwenye maoni nimejifunza nini, naandika hapa nilichokiona. Mimi siyo mtaalamu. Nimeishia kidato cha nne na ninauza nyuzi na vitenge sokoni.

Mama mwenye duka la mbao, mnene, mchangamfu, aliniuliza nataka za kitanda au za kabati. Nikasema za sakafu.

"Za nini?"

"Za sakafu, mama."

Akawaita wenzake. "Jamani njooni mwone, tajiri huyu wa Kibondo anataka kukanyaga mninga! Sisi huku tunaulalia kwa heshima, yeye anataka kuukanyaga!"

Walicheka mpaka na mimi nikacheka. Lakini alinionyesha kila kitu bila haraka.

Mkaratusi ndio huu unaouona kwenye vilima vyetu vyote. Una rangi ya waridi iliyopauka, ni mgumu, na bei yake haimtishi mtu. Ubaya wake hautulii. Usipokaushwa vizuri unajipinda na kupasuka hata ukiwa umeshapigwa misumari. Fundi Dismas anasema mkaratusi ni kama kijana aliyenunua pikipiki juzi, nguvu anazo ila kutulia hawezi.

Mninga ni wa kahawia yenye dhahabu ndani, na unanukia ukikatwa. Ukishakauka hauhangaiki tena, unabaki ulivyo, na mchwa hawaupendi moyo wake. Kwa sababu hiyo kila mtu anautaka na sasa ni wa kutafuta. Yule mama alinionyesha alama ya nyundo ya watu wa misitu kwenye gogo, ya kuonyesha umekatwa kwa kibali, akaniambia nisinunue mninga usio na alama hata nikibembelezwa vipi.

Mkurungu ni mwekundu na mzito. Vumbi lake ni kama mtu amesaga pilipili. Nilipouona niliupenda kuliko yote. Lakini kadiri siku zinavyopita unakuwa mweusi, na Mama macho yake hayaoni vizuri jioni. Chumba chenye sakafu nyeusi kingempoteza.

Mtiki unatoka mbali, mikoa mingine kabisa, na nauli yake unailipa wewe. Una mafuta yake ya asili, maji hayausumbui sana. Ila vipande nilivyoonyeshwa vilikuwa vya miti michanga, vina ukingo mweupe, na ule mweupe mchwa wanaula kama ugali.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua. Ukishachagua mti bado hujamaliza, kuna unachopaka juu. Fundi anapenda vanishi kwa sababu inang'aa na mteja anafurahi. Lakini vanishi inateleza. Kuna mafuta ya kopo yanayoingia ndani ya mbao na kukauka, unayasugua kwa kitambaa mpaka mkono ukipita unatoka mkavu. Hayang'ai, na mguu unashika.

Nikarudi na vipande vinne kwenye mfuko wa salfeti, nikamwambia Mama aje ajaribu mwenyewe.

Alikuja Jumanne. Alikuja na begi dogo ambalo hakulifungua. Anatoa kitu kimoja anachohitaji, halafu anavuta zipu tena. Nimekuwa nikiisikiliza hiyo zipu tangu siku hiyo.

Nilivilaza vipande sebuleni nikamwomba avue ndala. Alipanda juu ya kimoja kimoja, ameshika bega langu, anatazama mbele kama mtu anayesikiliza mbali. Kwenye mkaratusi alisema, "Huu una haraka." Kwenye mninga alikaa muda, akachezesha vidole. "Huu ni kama mgongo wa ndama." Mkurungu alisema umekasirika. Mtiki aliuliza umepakwa nini.

Nilifurahi. Nilidhani imekwisha, mninga umeshinda, na kilichobaki ni kuona kama nitaweza mninga wa sebule nzima au nitajishusha kwenye mkaratusi.

Alhamisi nikakuta kipande cha mkaratusi kimeinuka kona mbili.

Nikasema moyoni, afadhali nimejua mapema, huu haufai. Lakini mninga nao ulikuwa na madoa meusi madogo madogo, kama mtu ameunyunyizia chai.

Jana Ijumaa niliamka kungali giza kidogo, nikasikia fagio. Nikafungua mlango wa chumba taratibu. Mama alikuwa sebuleni, fimbo ameibana kwapani, mkono mmoja ameshika kopo la maji. Anachovya vidole, anarusha matone chini, anachovya, anarusha. Anaanzia ndani anakwenda mlangoni. Halafu anaweka kopo, anafagia.

Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo anajua. Hufagii sakafu kavu, vumbi litajaa kwenye vyombo na kwenye macho ya waliolala. Unanyunyiza kwanza, udongo unatulia, ndipo unafagia. Mama amefanya hivyo kila asubuhi tangu akiwa binti. Marumaru hazina vumbi la kutulizwa, lakini nani amwambie mkono wake?

Nilisimama pale nikamkumbuka Gervas. Siku za Jumapili nikichelewa kuamka alikuwa anachovya vidole kwenye glasi na kunirushia matone miguuni. Nilikuwa nikimtukana kidogo na kuvuta blanketi. Sikuwahi kumuuliza amejifunzia wapi. Kumbe utotoni alikuwa analala chini kwenye mkeka, na mama yake anapita na kopo.

Halafu nikaona kitu kingine. Alfajiri ile ya msiba. Kabla wageni hawajaamka. Karibu na mlango.

Zilikuwa marumaru, ndiyo. Lakini yalikuwa maji.

Nilirudi kitandani nikajifunika mpaka aliponiita ninywe chai. Nikaenda sokoni na siku nzima nikawa nawakatia watu vitenge pungufu na kuwaongezea uzi kwa kuomba radhi. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: hakuna mti, uwe mninga uwe mtiki, utakaovumilia kunyeshewa kila alfajiri. Maji yataingia kwenye maungio, mbao zitavimba, moja itainua kichwa, na Mama atajikwaa hapo. Nitakuwa nimetengeneza mtego kwa mikono yangu na kuupaka mafuta.

Na kumwambia aache? Mimi ni mkaza mwana. Huku kwetu mkaza mwana hamfundishi mama mkwe kufagia. Tena ndiyo kazi pekee anayoifanya humu ndani bila kuniomba ruhusa kwanza. Nikimnyang'anya kopo nitakuwa nimemwambia kwamba yeye ni mgeni.

Nilipanga kunyamaza. Ndiyo ukweli. Nilipanga kumwambia Fundi aahirishe, na kumwacha Mama arudi Kitahana bila mimi kuwa nimesema lolote baya.

Lakini leo mchana Fundi Dismas akaja bila kuitwa, ametoka kupima mlango wa mtu jirani. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, kwa hiyo yeye anamwamkia Mama kwa Kirundi, Mama anamjibu kwa Kiha, na wanaelewana mpaka kwenye utani. Akainama kutazama vipande vyake.

"Haa! Nani amemwaga maji hapa?"

Mimi nikafungua mdomo niseme ni mimi. Mama akaniwahi.

"Ni mimi. Nilikuwa nafagia."

"Mama, hizi mbao zilishakatwa," Fundi akasema, anacheka. "Hata uzimwagilie vipi hazitaota majani."

Hakuna aliyecheka naye. Mama alisimama, akashika fimbo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Fundi akanitazama kwa uso wa mtu aliyekanyaga kidonda. Nikamwonyesha kiti, nikamfuata Mama. Nilikuwa na hakika anaenda kuniambia nimtafutie usafiri.

Alikuwa jiko la nje, amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani. Anachambua. Nilikaa juu ya gunia la mkaa kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine.

"Kumbe mbao inakunywa maji," akasema.

"Kidogo tu, Mama. Siyo kosa."

Akachambua. Jiwe dogo, akalitupa.

"Hata siku ile yalikuwa maji yangu."

Nilichota maharage machache kwenye ungo, nikaanza kuchambua naye.

"Watu walikuwa wanakuja kumlilia mwanangu. Niliona nyumba yake isikutwe na vumbi. Nikanyunyiza, nikafagia, nikageuka kurudisha kopo." Akapiga nyonga yake kidogo kwa kiganja. "Wakasema ni tailizi za Gervas. Nimelala pale nawasikia. Marehemu anasingiziwa, mama yake yuko kimya."

"Mama, ulikuwa na maumivu."

"Mdomo haukuwa unauma, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha.

Nilimwangalia mikono. Gervas alikuwa na vidole vile vile, vifupi, gumba limepinda nje kidogo. Nikafikiri, kwa hiyo amebeba hili muda wote, kule Kitahana, na mimi nilidhani anakataa kuja kwa sababu ya kuteleza. Alikuwa anaona haya kuja kukanyaga kitu alichokiacha kisemwe vibaya.

"Na sasa unataka kuzifunika," akasema.

Nikamweleza kwamba hazitabomolewa. Fundi atalaza mbao juu yake, marumaru zitabaki chini nzima nzima. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Alizipigia magoti. Usimfunike mwanangu kwa sababu ya maji yangu."

Hapo nikalia. Siyo sana, lakini nililia. Wiki nzima nimebishana na miti minne na kumbe hata mimi sikutaka kuzifunika. Nilikuwa naona ni lazima. Nilipoweza kuongea nilimuuliza swali ambalo nimelikwepa tangu mvua zilizopita, na lilitoka vibaya, kama ninamgombeza.

"Basi utakaa wapi, Mama?"

Ndani nilisikia Fundi amewasha redio. Kuku alikuja mpaka kwenye ungo, Mama akamfukuza kwa mguu wake mzima.

"Kile chumba kidogo ninacholala kina baridi usiku," akasema. "Nikitaka kushuka kitandani naogopa saruji. Weka mbao pale. Ule ubao wa pili kutoka mlangoni."

"Mninga."

"Ego, huohuo. Na kitanda usikiweke kule ulikokiweka. Kikae upande wa jiko, nisikie mtu akiwasha moto asubuhi. Kule dirishani nasikia pikipiki tu, ni kama nimelala stendi."

"Ndiyo, Mama."

"Na sebuleni, usiniahidishe kitu. Nikiamka mkono huu unaenda wenyewe kwenye kopo. Nitajitahidi. Lakini ni mzee, huu mkono."

Tulirudi ndani. Fundi alizima redio haraka. Nilipomwambia ni chumba kimoja tu, kile kidogo, alishika kifua.

"Dada, ulinionyesha ng'ombe mzima, sasa unanipa mkia!"

"Mkia una mchuzi," Mama akamwambia. "Kula."

Akacheka, Mama naye akacheka, na nilimsikia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tumekubaliana. Mninga wenye alama, uliokauka, ubao mwembamba mwembamba ili maungio yabane. Mafuta, siyo vanishi. Fundi alijaribu mara ya mwisho kuitetea vanishi yake, akisema itang'aa mpaka Mama ajione. Mama akasema anajijua alivyo.

Kwa chumba kidogo kama kile, mninga nitauweza. Hilo limenipunguzia wasiwasi mmoja.

Mengine yamebaki. Je, mninga utakuwa umekauka kweli au nitaambiwa umekauka? Ikiwa atanyunyiza na chumbani? Anakwenda msalani usiku, na kutoka kwenye mbao kuingia kwenye saruji kutakuwa na ukingo, nimesahau kumuuliza Fundi kuhusu huo ukingo, lazima nimuulize kesho kabla hajaondoka kanisani. Ukuta wa Kitahana utaanguka na mashamba yatauliza mwenyewe yuko wapi. Watu watasema nimemchukua mama wa watu. Niko hivi. Jambo moja likitulia, lingine linakaa kwenye kiti chake.

Sasa hivi amelala. Tumehamisha kitanda wenyewe, mimi nikivuta, yeye akielekeza kwa fimbo.

Sitaficha kopo. Nililifikiria hilo wakati wa kuosha vyombo, nikalishika, nikalirudisha pale pale anapoliacha. Kesho nikisikia fagio nitaamka. Kama hajanyunyiza, nitamwamkia na kuwasha moto. Kama amenyunyiza, nitachukua kitambaa kikavu na kupita nyuma yake, pole pole kama anavyokwenda yeye, mpaka mlangoni.